Viboko na Talaka ya Zaina

Tangu turudi, kila anayepita mbele ya nyumba yangu hapa Mikelenge, mutaa wa Kindu, ananiuliza kama ni kweli tulilala na simba. Hatukulala na simba. Niliona kitu cha rangi ya simba kimejilaza nyuma ya majani. Ramazani akasema simba, Zaina akasema jiwe, na mimi kadiri nilivyokitazama kilizidi kuwa vyote viwili. Kwa hiyo naandika mara moja, musome wote, muniache nifanye kazi.

Asiyenijua: mimi njo Saidi, ndiye yule anayechora namba kwenye mabehewa na boti pale bandarini. Shule nilisoma miaka mitatu, na chuo cha Korani miwili. Herufi nazijua zote kwa sura, maana nazichora kila siku. Maana yake wakati mwingine inachelewa kufika. Nikikosea mahali, Ramazani anisahihishe, lakini asitie chumvi kama anavyotia barazani.

Sababu ya safari munaijua, ila kila mutu anaijua kwa namna yake, basi niiweke sawa. Zaina ni dada yake Ramazani. Mume wake Athumani aliondoka Kindu miaka mitano iliyopita kwenda kuvua samaki kwa Wazungu, kwenye ziwa lililo ndani ya Parki, lile pori la upande wa Kivu ambalo serikali imelifunga kwa ajili ya wanyama. Tangu hapo tulipata barua moja, halafu kimya. Zaina akabaki si muke, si mujane, wala si mwanamuke aliyeachwa. Muashi mumoja wa mutaa wa Kasuku anataka kumuoa, naye Zaina anamutaka, tena hafichi. Lakini Mwalimu wa musikiti wetu alisema: talaka itoke kinywani mwa mume, na mashahidi wawili waisikie kwa masikio yao. Ramazani awe mumoja. Wa pili asiwe ndugu. Nikachaguliwa mimi. Mpaka leo sijui kama ni kwa sababu nasema kweli ao kwa sababu rangi ilikuwa haijafika na treni na kila mutu alikuwa ananiona nimekaa.

Sasa, ndani ya Parki mutu mweusi haingii kutembea. Wavuvi wanaishi ndani, wanyama wanaishi ndani, sisi wengine wote tuko nje. Ila mugeni mwenye gari, anayekuja kutazama, huyo anapewa karatasi ya njia na kuachiwa aende peke yake bila kiongozi: asimame penye namba, atazame, aendelee. Ramazani ana gari. Basi tukawa watu wa kutazama viboko. Habari za karatasi za ruhusa na mihuri yake siandiki. Kila mutu wa Kindu anazijua na zinamuuma mahali pale pale.

Kindu hadi Kampene

Gari ya Ramazani ni kamioneti iliyokuwa inabeba mafuta ya mawese. Imeacha kubeba mafuta, harufu haijaacha. Mulango wa upande wangu ulifungwa kwa kamba, kwa hiyo kila mara nilishuka kupitia upande wa Ramazani, na Zaina naye ikambidi kushuka kwanza, ananuna. Alivaa kitenge kipya, kilemba kipya, na viatu ambavyo hakuvivua hata kwenye matope. "Naenda kuachwa," alisema, "siendi kulima."

Tulifika kwenye kivuko cha Lualaba saa moja ya asubuhi, tukavuka saa nane. Kwanza ilivuka gari ya Muzungu wa mashamba, kisha kitanda chake, kisha mbwa wake katika gari ya pili. Tusimuonee: mbwa alikuwa mugonjwa, tulimuona anatetemeka. Baada ya mbwa yalivuka magunia ya chumvi, na baada ya chumvi, sisi.

Kapita, mukubwa wa wapiga kasia, akamuuliza Ramazani tunakwenda wapi na mama aliyependeza hivi.

"Kutazama viboko," akasema Ramazani, kwa sauti ya mutu mwenye gari.

Kapita akaacha kuimba. Akanyoosha kidole juu ya maji, chini kidogo ya kivuko, palipokuwa na masikio mawili na pua. "Huyu hapa njo nini?"

"Ni kiboko," nikasema, kwa kuwa kilikuwa kiboko.

"Na munaiacha? Munaenda hadi Kivu kutafuta ingine?" Wapiga kasia walicheka hadi chombo kikageuka kidogo kufuata maji. Zaina alitazama mbele. Ramazani alisema viboko vya Kivu ni tofauti, lakini hakusema kwa nini, na mimi sikumuuliza.

Kampene tulifika jioni, na hapo tulidhaniwa watu wengine. Ni muji wa wachimbaji, na watu watatu safi ndani ya gari, kule, maana yake ni moja: wamekuja kutafuta madini yaliyoibwa. Kila tulipokaribia nyumba, mulango ulifungwa. Mutu mumoja ambaye hatukumuuliza kitu alitugeuzia mifuko yake nje. "Sina kitu, patron. Hata nyumbani sina. Hata kwa shemeji sina." Ramazani alitaka kumwambia sisi si hao, lakini kuitwa patron, yaani bwana mukubwa, kulimupendeza kwanza, akachelewa kidogo. Namushuhudia hilo.

Zaina njo alifungua muji. Alimwambia mama mumoja aliyekuwa anapika sombe, majani ya muhogo, uani: "Mama, mimi natafuta chakula tu. Naenda kumuomba bwana yangu talaka." Loo! Milango ikafunguka yote. Wanawake walikuja na vigoda vyao. Tulikula sombe ya kalanga na bugali, na kila aliyekuja alikuwa na shauri: amwambie hivi, asimwambie vile, amutukane mama yake, asimutukane. Mama wa sombe alimutazama Zaina kutoka kilemba hadi kiatu, akasema: "Shauri yangu ni moja. Kile kitenge, vua. Vaa kibovu. Mwanaume akikuona mupya namna hii, atakumbuka wewe ni wake."

"Anione vizuri ajue amepoteza nini," Zaina akajibu.

"Hapo njo utakosea," mama akasema, akamuongeza sombe.

Kampene hadi Bukavu

Kati ya Kampene na milima sikuandika kitu kwenye daftari ila neno "mvua" mara nne. Pine, mupira wa gurudumu, ilipasuka mara mbili. Mara ya pili hatukuwa na kiraka, Ramazani akaijaza majani makavu akaishona kwa waya, tukaendelea tukinukia kama ng'ombe. Watengenezaji wa njia, ambao kila mumoja ana kipande chake cha barabara cha kusawazisha, walituangalia tunavyopita wakatazama walichokisawazisha. Nilitamani kuomba radhi kila kipande.

Mulimani, kabla ya Bukavu, njia ni nyembamba, gari mbili hazipishani. Kuna barieri ya kuzuia gari chini na barieri nyingine juu, na mupiga ngoma katikati anayepeleka habari: moja inapanda, ngoja, moja inashuka, ngoja. Mupango mzuri. Ila gari yenye Muzungu ina mulio wake, na ukilia, zote nyingine zinangoja tena. Siku ile Wazungu walikuwa na safari nyingi. Kila ngoma ilipoanza Ramazani alisema, "Hii njo yetu," akawasha mota, na kila mara mulinzi wa barieri akamwambia, si kwa ubaya, "Zima, baba. Unamaliza esansi."

Tuliposema tutalala hapo kwa kungoja, ngoma yetu ikalia. Ni fupi sana, ile ngoma ya watu weusi, ukikohoa inakupita.

Juu kulikuwa na baridi ambayo sikujua kuwa serikali inaruhusu watu wakae ndani yake. Tulipofika kileleni Ramazani akasimamisha gari kwa nguvu. "Moshi!" akasema. "Gari inaungua!" Akashuka, akafungua boneti, nami nikamfuata na birika ya maji, Zaina akitoa vikapu. Boneti safi. Moshi unaendelea. Ramazani akalala chini ya gari, akaniuliza kutoka huko moshi unatoka wapi, na mimi nilipofungua mudomo kumujibu nikauona unatoka mudomoni mwangu. Nikamutazama Zaina, naye anatoa. Ramazani akatoka chini ya gari, tukasimama wote watatu, tukifuka kama vyungu. Mutoto wa kike wa huko, aliyebeba kuni, alisimama akatucheka hadi kuni zikamwangukia. Sisi ni watu wa Kindu. Kwetu kinachotoa moshi kinaungua. Nilitaka kuacha jambo hili nje ya daftari, lakini nimeandika ya Ramazani na mifuko ya yule mutu wa Kampene, basi na hili linaingia.

Bukavu hadi mulango wa Parki

Bukavu ni nzuri. Nimesema. Wazungu wameipanda maua kila mahali isipokuwa pale tulipoelekezwa kulala. Nyama hatukula, maana hatukumupata Muislamu aliyechinja. Tulikula maharagi, viazi vya kizungu na maziwa yaliyoganda, ambayo Ramazani alisema yameoza na Zaina akayamaliza.

Tulizunguka ziwa la Kivu siku mbili, tukapita chini ya milima ya moto, na adhuhuri ya siku ya tatu tukafika kwenye mulango wa Parki. Mulango ni muti mumoja umelazwa kukata njia, na kibanda, na mulinzi murefu mwenye kofia.

"Bwana yenu iko wapi?" akatuuliza.

"Bwana gani?"

"Mwenye gari."

"Njo mimi," Ramazani akasema.

"Nasema mwenye gari. Sisemi shofere." Akazunguka, akatazama nyuma chini ya turubai, akainua kikapu cha Zaina kama kwamba Muzungu angeweza kuwa humo. "Anakuja na gari ingine?"

"Hakuna bwana," nikasema mimi. "Tuko watatu tu. Tumekuja kutazama."

Akanitazama kwa huruma. "Basi, mutamungoja."

"Nani?"

"Bwana yenu."

Hakuwa mutu mubaya. Alituletea benchi, alituletea maji. Kila baada ya muda alitoka kibandani, akaweka mukono juu ya macho, akatazama njia tuliyojia, akasema, "Bado." Nilimweleza mara tatu kuwa hakuna atakayekuja. Mara ya tatu akanishika bega: "Usimukatie tamaa."

Baada ya saa tatu ikatokea gari kweli, imejaa vumbi, ndani yake padri mumoja na ndevu zake. Mulinzi akakimbia akainua muti, padri akapunga mukono, akapita. Mulinzi akatugeukia na furaha yote ya mutu aliyengoja. "Njo huyu! Mbona hamukusema ni padri? Piteni, piteni, mutamupoteza!" Akanipa karatasi ya njia kupitia dirishani.

Nilifungua mudomo nimwambie yule padri hatumujui. Zaina akanitia kiazi. Kiazi kizima. Nilipokimeza muti ulikuwa umeshuka nyuma yetu. Hakuna kati yetu aliyesema uongo. Gari njo iliusema, kwa kumufuata padri. Nimelifikiria hili sana, na bado halijanikalia vizuri.

Kutoka namba moja hadi namba nane

Karatasi ilikuwa kwa Kifaransa, na mimi njo niliisoma. "Namba moja," nikasoma. "Hapa mugeni anashangaa uzuri wa bonde."

Tukasimama kando ya kijiti chenye namba moja, ambayo ilichorwa vibaya, rangi nyepesi. Tukashangaa.

"Dakika ngapi?" Ramazani akauliza.

"Haisemi."

Bonde lilikuwa zuri, sitaki kulinyima. Majani hadi mwisho wa macho. Lakini mutu akikwambia shangaa, mushangao unaona haya. Namba mbili tulishangaa milima. Namba tatu karatasi ilisema, "hapa mara nyingi tembo," na kulikuwa na mavi ya tembo, bila tembo.

"Hayo pia tunayashangaa?" Ramazani akauliza.

"Endesha, yaya," Zaina akamwambia kaka yake. "Sikutoka Kindu kwa ajili ya hayo."

Ndipo likatokea hilo jiwe ao simba, sirudii.

Penye namba tano imeandikwa kwa herufi kubwa, na mimi herufi kubwa naziheshimu: kushuka kwenye gari ni kosa. Na adhuhuri ilikuwa inatupita, kwa sababu tuliiacha benchini tukimungoja bwana. Ramazani akasema sheria ya Mungu ni kubwa kuliko ya Parki. Nikasema ni kweli, lakini simba hajui ni ipi tunayofuata. Tukakubaliana kusali tumekaa. Ikabaki kibla. Kindu tunaelekea kaskazini. Ramazani akasema tumekwenda mashariki mno, Makka itakuwa imesogea kushoto. Zaina akasema haijasogea, sisi njo tumesogea. Mwisho tukaigeuza gari yenyewe. Tukatoka nje ya njia kidogo, ambalo pia ni kosa, tukaielekeza kibla, Zaina akapenya dirisha la nyuma akahamia chini ya turubai, Ramazani akatuongoza mikono yake ikiwa juu ya usukani.

Katikati wakaja nyati. Sikuwahesabu, sala hairuhusu. Walituzunguka wakatutazama kama tulivyokuwa tumetumwa sisi tuwatazame. Mumoja alipata ubavu wa gari unamufaa, akaanza kujikuna, na gari yote ikawa inainama na kuinuka bila sisi. Sijui kama rakaa zile zilikuwa nne. Niliporudia baadaye, Ramazani alisema nina wasiwasi. Ninao.

Namba nane: ziwa. Ng'ambo haionekani. Ramazani akasema polepole, "Njo pwani." Munajua anavyosema babu yake alitoka pwani na damu ya maji ya chumvi inamwita. Mvuvi mumoja alikuwa anapita karibu, amebeba ndoo, Ramazani akamuomba maji ya ziwa, akanywa mbele yetu, akaonja, akaonja tena. "Haina chumvi," akasema, kama mutu aliyeuziwa kitu kibovu.

Namba tisa

Namba tisa ni pesheri yenyewe, kambi ya wavuvi: mistari miwili ya nyumba za udongo, nyavu, vichanja vya samaki vinavyofuka, na ndege warefu wenye upara waliosimama kati ya watu kama makarani wanaongoja biro, ofisi yao, ifungwe. Karatasi inasema hapa mugeni anaweza kutazama maisha ya wavuvi, bila kushuka, kwa sababu viboko wanapita kati ya nyumba hata muchana. Ni kweli, wanapita. Na wavuvi wanapita kati ya viboko, na watoto wao wanacheza hapo hapo. Sheria inamulinda mugeni asiumwe. Mufanyakazi haikumutaja.

Tukamuomba yule mwenye ndoo atuitie Athumani. Akaja na tumbo ambalo hakuondoka nalo Kindu.

"Shemeji!" akamwambia Ramazani. "Gari ya nani?"

"Yangu."

"Wallahi?" Akaipiga pine teke, ile ya majani, ikatoa mulio wa godoro. Ndipo akamuona Zaina katikati yetu, na kilemba, na kitenge. "Zaina. Umenenepa."

"Hata wewe. Nimekuja kuchukua talaka yangu."

"Hata salamu hakuna?"

"Salamu alekum. Nimekuja kuchukua talaka yangu."

Wavuvi walikuwa wamekusanyika. Athumani akawageukia, kifua mbele, na nikamukumbuka mama wa sombe. "Munaona? Muke wangu ametoka Kindu na gari kunitafuta. Nani kati yenu muke wake amemutafuta hata kwa miguu?"

"Hakuna," mumoja akasema. "Tumuite Kahindo afurahi naye?"

Watu wakacheka, na Athumani akashusha sauti. Akaja dirishani kwangu. Akasema huyo Kahindo ni mwanamuke wa hapa tu, wa kumupikia. Akasema ataandika barua ya talaka, ataituma.

"Miaka mitano nangoja barua," Zaina akasema. "Sema kwa mudomo. Mashahidi ndio hawa."

"Nitasemaje? Mwanamuke amevuka milima kwa ajili yangu, leo nimuache mbele ya watu? Wataniona mujinga. Hapana. Wewe ni wangu. Rudi, ningoje, nitakuja."

Yaani safari yenyewe njo iliharibu mambo. Tungetuma barua chafu, angemuacha kwa barua chafu. Tumekuja na gari na kilemba, na sasa hakuna mwanaume mule ambaye angemuacha. Ramazani akaanza kumutukana, na nilimwambia ataje makosa yake tu, asitaje mama yake.

Ndipo akaja mulinzi wa pesheri na buku, daftari la majina, kwapani. "Hii gari inasimama sana. Kuna nini? Huyu mama ni mugeni ao ni nani?"

Nilikuwa natafuta jibu lililo la kweli na lisilotuumiza. Zaina hakutafuta. "Mimi njo muke wa Athumani. Andika jina langu."

Mulinzi akafungua buku, akalamba kidole. "Athumani. Muke: Kahindo. Muke moja." Akamutazama juu ya buku, bila hasira, kama mutu anayesoma bei. "Serikali haijue muke wa pili. Kama huyu ni muke yako, si mugeni: ashuke, abaki hapa, na wewe twende biro ukaeleze kwa nini ulidanganya buku. Kama si muke yako, aende na gari yake. Chagua, niandike."

Na Kahindo akafika kutoka vichanjani. Mwanamuke mufupi, magamba ya samaki hadi kwenye kiwiko, kisu mukononi. Hakupiga kelele. "Athumani. Huyu njo nani?"

Mimi nilikuwa namutazama Athumani machoni, kwa sababu hiyo njo kazi iliyonileta. Jasho lilimutoka kwenye paji.

"Nimekuacha," akasema.

"Na jina langu," Zaina akasema. "Sema yote."

"Zaina binti Musa, nimekuacha. Mbele ya hawa. Nimekuacha."

Mulinzi akatafuta mahali pa kuandika hilo, buku halikuwa na mustari wake, akalifunga.

Tungeondoka hapo hapo, na ingependeza. Lakini kiboko mukubwa alikuwa amekuja kulala katikati ya njia nyuma ya gari, na mbele ni maji. Mulinzi akasema hapigwi, hafukuzwi, anangojwa. Tukamungoja muda murefu, wote: aliyeacha, aliyeachwa, na mashahidi. Athumani alitazama miguu yake. Kahindo akatuletea samaki wa moshi kwenye jani, akaegemea dirisha langu, uso kwa Zaina.

"Dada," akamuuliza, "hata kwako alikuwa anakoroma?"

"Hata kwangu."

"Nilidhani ni ugonjwa wa ziwa."

"Mulaze ubavu," Zaina akasema. "Ubavu wa kushoto."

Kurudi, na kwa Mwalimu

Kurudi kulikuwa kurefu kuliko kwenda. Kabla ya Bukavu Ramazani alishaanza: talaka ya kulazimishwa si talaka, chuoni tulisoma wote, na yule mutu alikuwa na mulinzi upande mumoja na kisu upande wa pili. Zaina akanigeukia.

"Wewe utasema nini kwa Mwalimu?"

"Nitasema nilichoona."

"Uliona nini?"

"Bado nafikiri."

Kuanzia hapo hadi Kampene hakunisemesha. Alinipa samaki, lakini kichwa tu.

Kwa Mwalimu tuliingia mimi na Ramazani. Zaina alikaa nje ya mulango, pazia katikati, anasikia kila kitu. Ramazani alitoa ushahidi wake kwa dakika moja: Athumani alisema, nilisikia, basi; ya kulazimishwa hakuyagusa. Mwalimu akanigeukia.

"Alitaja jina?"

"Alitaja. Na la baba yake."

"Alilazimishwa?"

Nilitamani sana kusema hapana nikaenda nyumbani. Nikamueleza mulinzi, buku, kisu. Nje ya pazia nilisikia Zaina anavuta pumzi.

"Mulinzi alimwambia amuache?"

"Hapana. Alimwambia achague, na angemuchagua Zaina angepelekwa biro."

"Yule mwanamuke aliinua kisu?"

"Hapana. Alikishika chini. Alikuwa anapasua samaki nacho."

"Athumani aliogopa?"

"Aliogopa."

"Alimuogopa nani?"

Hapo Ramazani akanikanyaga muguu nijibu haraka. Nikaurudisha uso wa Athumani mbele yangu, na jasho lake, na macho yake. "Mulinzi alikuwa kuumeni kwake," nikasema, "na tangu Kahindo afike hakumutazama mulinzi hata mara moja. Alikuwa anamutazama Kahindo. Si kisu. Uso."

Mwalimu akavua miwani. "Una hakika?"

"Kwa hilo, ninayo."

"Kama angeiogopa biro lingekuwa neno lingine, ningewarudisha ziwani. Lakini kumuogopa muke si kulazimishwa," Mwalimu akasema. "Kama ingekuwa hivyo, hapa Kindu hakuna talaka ingesimama. Wala ndoa. Ramazani, mwambie dada yako ahesabu eda yake tangu siku ile."

Tulipotoka Zaina alikuwa amesimama, kilemba kimekaa upande. Hakunishukuru. Alinisindikiza hadi kwenye kona ya njia yangu, halafu akasema: "Kama ungeona anamutazama mulinzi, ungesema?"

"Ningesema."

"Nami ningekaa hivi hadi nizeeke."

"Ndiyo," nikasema, kwa sababu ndivyo ingekuwa.

Akatazama mbele kama siku ile ya wapiga kasia. "Siku nyingine nikitaka shahidi nitatafuta muongo."

Nikamwambia hakutakuwa na siku nyingine, muashi ni mutu mwema.

"Hilo nalo una hakika?"

Nilifikiri. Ni fundi mzuri, namba ya nyumba yake nilimuchorea mimi, na sijamusikia akigombana na mutu. Lakini hakika, sina, na nikamwambia sina. Akacheka mara ya kwanza tangu Kampene, akageuka akaenda kumwambia muashi aanze kununua muchele wa arusi.